Mwenyekiti wa Taaluma

Anselmi Mkude alikuwa mtu wa mipango. Kiwanda cha viatu alichokifanyia kazi miaka kumi na saba kilipofungwa, na mashine zake kupakiwa kwenye malori kama vyuma chakavu, wenzake wengine walilia na wengine wakalewa. Yeye alinunua karatasi ya manila na kalamu tatu za rangi. Aliitandika mezani sebuleni kwake Kihonda, akapiga mistari kwa rula, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: MPANGO WA ELIMU YA ESTER.

Kila mwaka ulikuwa na kisanduku chake. Kidato cha tatu: Hisabati, pamoja na Hisabati ya Ziada. Kidato cha nne: Hisabati hizo hizo, kwa ukali zaidi. Kidato cha tano na sita: Fizikia, Kemia, Hisabati. Baada ya hapo ulikuja mshale mnene uliokwenda Chuo Kikuu, Uhandisi, na kisanduku cha mwisho kiliandikwa AJIRA, kikapakwa rangi ya kijani. Kwamba mhandisi mkuu wa kiwanda chao, mtu mwenye vyeti vya Ulaya, sasa alikuwa akiuza soda stendi ya Msamvu, hilo halikuwa na kisanduku.

"Umemuuliza mwenyewe?" mkewe, Hosiana, alisema akiwa mlangoni na beseni la karoti. Alikuwa na genge dogo la mboga mbele ya nyumba, na mboga zake zilishuka kutoka kwao Mgeta kila Jumanne na Ijumaa.

"Nimuulize nini? Ana miaka kumi na tano."

"Ndiye atakayesoma."

"Mama Ester, mpango haupigiwi kura."

Ester mwenyewe, binti mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu, aliiangalia ile manila ikibandikwa ukutani kwa misumari minne. Hakusema kitu. Hesabu alizipenda, ila hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu nyumbani mwao jambo likishapendwa na baba halikuwa tena la mtu mwingine kulipenda.

Shule aliyosoma iliitwa Sekondari ya Milenia Mpya. Ulikuwa mwaka 1998, na milenia yenyewe ilikuwa bado haijafika, lakini mwenye shule, Mkurugenzi Bonifasi, hakuwa mtu wa kungoja. Shule za binafsi zilikuwa zinachipuka kila penye ukuta na bati, naye alikuwa na banda kubwa la kuku wa mayai ambalo biashara yake ilimshinda. Akalipiga chokaa, akaligawa kwa mbao nyembamba, akanunua kengele. Mvua ikinyesha, harufu ya wapangaji wa zamani ilirudi kuwasalimu wanafunzi.

*

Januari ile Mkurugenzi aliwaita wazazi wa kidato cha tatu kuchagua masomo. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na kusimama mbele ya ubao.

"Wazazi wangu," alisema, "enzi za kupangiwa zimekwisha. Hili ni soko huria! Hapa mzazi ni mteja, na mteja huchagua. Kuna Hisabati ya kawaida, kwa mtoto wa kawaida. Na kuna Hisabati ya Ziada, kwa mzazi anayeona mbali. Ziada ina mchango wake kidogo."

Wazazi walitazamana. Hapo Anselmi alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la siku ya kuagwa kiwandani, na alizungumza kwa dakika kumi na mbili kuhusu sayansi, teknolojia na wajibu wa mzazi, akichanganya maneno aliyoyaokota kwenye semina za chama na mengine aliyoyasikia redioni. Alisema taifa lisilo na Ziada ni taifa lenye upungufu. Watu walipiga makofi. Hata waliokuwa wamesinzia walipiga makofi, kwa kuwa waliamshwa na makofi ya wenzao.

Mkurugenzi Bonifasi alimtazama mtu huyu kwa jicho la mfanyabiashara aliyeona bidhaa nzuri imetupwa jalalani. Kabla mkutano haujaisha, Anselmi Mkude, ambaye tangu kiwanda kifungwe aliuza viatu vya mtumba, alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Taaluma.

Jioni hiyo alikula ugali kwa utulivu usio wa kawaida. Hosiana alimwita mara mbili ampitishie chumvi, hakuitika. Alipomwita "Mwenyekiti", aligeuka.

Mwalimu wa Hisabati alikuwepo. Jina lake Erick, kijana aliyetoka kidato cha sita juzi, mchangamfu, aliyejua anachofundisha. Mwezi Mei akasikia habari za machimbo ya Mererani, akaenda kuchimba tanzanite, akaondoka na chaki mbili mfukoni. Tangu hapo kipindi cha Hisabati kikawa cha kunyamaza. Wa Hisabati ya Ziada, kwa upande wake, alikuwa njiani. Mkurugenzi alisema yuko njiani mwezi Februari, akasema yuko njiani Juni, na Oktoba bado alikuwa njiani. Kama alikuwa anakuja kwa treni, basi treni hiyo ilianza safari kabla reli haijajengwa. Mchango wa Ziada uliendelea kupokelewa.

"Baba, leo tena hatukusoma Hesabu," Ester alikuwa akisema.

"Mipango ina hatua," Anselmi alikuwa akijibu. "Mimi ni Mwenyekiti. Kama kungekuwa na tatizo ningekuwa nimeletewa."

Mwisho wa mwaka watoto walipewa mtihani wa Hisabati hata hivyo, uliotungwa na mtu asiyejulikana, kutoka kitabu ambacho hawakuwahi kukifungua. Ester alipata alama thelathini na moja. Alikuwa wa ishirini na tatu kati ya arobaini na mmoja.

*

Januari iliyofuata, Kamati ya Taaluma iliitwa ofisini. Wajumbe walikuwa watatu: Mwenyekiti Anselmi, Mkurugenzi mwenyewe, na Mzee Mosi, askari magereza mstaafu wa Kingolwira, ambaye mjukuu wake alisoma darasa moja na Ester. Kulikuwa na pilau yenye nyama za kuonekana, na soda zilizotoka kwenye barafu. Walipomaliza kula, Mkurugenzi alitoa karatasi tatu zilizopigwa chapa kwa Kiingereza.

"Ni mambo ya kawaida ya kitaaluma," alisema. "Kuinua wastani wa shule. Ningeweza kutafsiri, lakini nitakuwa nakuvunjia heshima, Mwenyekiti. Najua wewe ni mtu wa vitabu."

Kiingereza cha Anselmi kilikuwa cha kiwandani: kushoto, kulia, namba saba, namba nane, mbovu. Alivaa miwani. Aliipitia karatasi ya kwanza kwa kidole, akakunja paji la uso katikati, kama mtu aliyekuta hoja nzito, kisha akalilegeza, kama mtu aliyeridhika nayo. Akafunua ya pili. Mzee Mosi, aliyekaa kushoto kwake, naye akafunua ya pili. Anselmi akakohoa, Mosi akakohoa.

Moyoni Anselmi alijua pale pale kwamba anachofanya si kusoma. Ilimpitia fikra ya kusema, "Ndugu Mkurugenzi, hebu nieleweshe." Ni maneno manne tu. Lakini kulikuwa na pilau tumboni, na neno "mtu wa vitabu" lilikuwa bado la moto masikioni.

"Imekaa vizuri," alisema. "Ila hapa ningeweka koma."

"Wapi, Mwenyekiti?"

Anselmi alionyesha mahali. Mkurugenzi aliweka koma kwa heshima kubwa. Kisha Mwenyekiti akatia sahihi, sahihi ndefu yenye mkia, aliyokuwa ameifanyia mazoezi kwenye mifuko ya viatu.

*

Siku ya Jumatano Ester alirudi kabla ya saa sita, na sare yake ilikuwa na vumbi magotini. Anselmi alikuwa uani akipiga rangi viatu vya mtumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Baba, kujitegemea ni nini?"

Anselmi aliweka brashi chini. Maswali ya namna hii aliyapenda. "Kujitegemea, mwanangu, ndiyo msingi wa taifa hili. Sisi tulipokuwa shuleni tulilima, tulifuga..."

"Siyo hivyo. Mtahiniwa wa kujitegemea."

"Huyo ni mtu asiye na shule. Anajiandikisha mwenyewe mtihani, kituo chochote, anachagua masomo anayotaka. Watu wazima, waliofeli zamani. Kwa nini?"

"Tumebandikwa ubaoni. Kumi na tisa. Tunatolewa shuleni kwenye orodha ya mtihani, tunapelekwa kituo kingine kama watahiniwa wa kujitegemea. Halafu masomo yetu yako saba. Hisabati haimo."

"Haimo namna gani?"

"Haimo, baba. Imekatwa. Wanasema tutashusha wastani."

Hosiana alikuwa ameacha wateja wawili gengeni na kusimama nyuma ya binti yake. "Nani kasema?"

Ester alitoa daftari lake. Alikuwa amezinakili karatasi zote tatu za ubaoni, Kiingereza chake chote, kwa mwandiko wake wa taratibu, mpaka chini. "Wanasema imepitishwa na Kamati ya Taaluma," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Sahihi ni yako. Naijua. Ina mkia."

Anselmi alijifuta rangi ya viatu vidoleni.

"Huo," Anselmi alianza, "ni mkakati. Mambo ya kitaaluma yana..."

"Baba Ester," Hosiana alisema.

"Kuna hatua ambazo..."

"Baba Ester. Uliisoma?"

Angeweza kusema ndiyo, akaonekana baba aliyemkata mtoto wake kwa makusudi. Angeweza kusema hapana, akaonekana alivyokuwa. Alichukua brashi, akaanza tena kupiga rangi kiatu, kiatu kile kile ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Ester ndiye aliyeeleza hasara yake, si kwa kulia, bali kwa mpangilio, kama mtu anayeonyesha njia ya hesabu. Mtahiniwa wa kujitegemea hapewi selfomu, ile fomu ya kuomba kidato cha tano cha serikali. Asiye na Hisabati haingii mchepuo wowote wenye Hisabati. Asiye na hivi viwili anabaki na cheti cha masomo saba na genge la mama yake. Alipofika hapo alimtazama mama yake, akaongeza haraka, "Genge si baya." Lakini sauti ilimkatika, akaingia ndani.

*

Asubuhi Anselmi alikwenda shuleni na koti lake. Aliwekwa kwenye benchi la nje, kati ya muuza chaki na mwanamke aliyekuja kudai mayai ya tangu enzi za kuku, na akakaa hapo saa mbili na nusu. Mara tatu alimwambia karani, "Mwambie ni Mwenyekiti." Mara zote tatu karani alisema, "Anajua."

Mkurugenzi alipomwingiza alikuwa mchangamfu ajabu. "Mzee Mkude! Kumbe Ester ni wako? Mbona hukusema? Mimi nilidhani Mkude ni ukoo mkubwa, milimani huko wamejaa."

"Kila baada ya juma nakaa hapa na wewe, Mkurugenzi. Unamjua Ester."

"Basi limekwisha. Namrudisha. Nafuta jina lake leo leo, naandika Hisabati." Alifungua droo, akatoa kalamu, kisha akaiweka juu ya meza bila kuitumia. "Ila Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Wana kelele, hawaelewi. Wewe unajua kuzungumza. Simama uwaeleze kuwa uamuzi ni wa Kamati, ni kwa faida ya watoto. Hao kumi na wanane waliobaki, kwa kweli, Mwenyekiti, ni mizigo. Tuseme ukweli kama wanaume."

"Na mjukuu wa Mzee Mosi?"

"Mzigo."

Anselmi alirudi nyumbani kwa miguu na alikuwa karibu kupiga mluzi. Njia nzima aliupanga mkutano: angeanza na salamu, angegusia ushindani wa soko, angemaliza na mfano wa mti unaopunguzwa matawi. Ulikuwa mfano mzuri. Alipofika alimweleza Hosiana kwa furaha, akasubiri sifa.

Hosiana aliendelea kufunga mafungu ya pizi, njegere za kwao. Alifunga manne kabla hajasema. "Kwa hiyo utasimama mbele ya Mosi umwambie mjukuu wake ni tawi."

"Sitamtaja jina."

"Mimi nauza mboga kwa hao watu, Anselmi." Hakumwita baba Ester. Katika miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa amemwita kwa jina mara tatu, na kila mara palikuwa na msiba. "Wataninunulia nini?"

Ester alisikia yote kupitia dirishani. Alitoka, akasimama karibu na pipa la maji. "Mimi sirudi peke yangu," alisema.

"Unaijua thamani ya nafasi hiyo? Mpango wako wote..."

"Ni mpango wako, baba. Nilikuwa nimeupenda, lakini ni wako." Alivuta pumzi. "Nikirudi peke yangu nitakaa na nani darasani? Nitawatazama vipi? Na bado mwalimu hakuna. Utakuwa umeninunulia kiti mbele ya ubao mtupu."

Huyo ndiye mtoto ambaye hakuwa anasema kitu.

*

Jumamosi banda lilijaa. Mkurugenzi alifungua mkutano, akasifu uvumilivu wa wazazi, akasema kila shule yenye akili inatazama wastani, na kwamba jambo lenyewe litaelezwa na mzazi mwenzao, msomi, Mwenyekiti wa Kamati ya Taaluma. Akakaa na kuweka mguu juu ya mguu.

Anselmi alisimama. Mkononi alikuwa na hotuba, kurasa mbili, yenye mti na matawi. Mbele yake, mstari wa kwanza, alikaa Mzee Mosi na fimbo yake, amenyoosha mgongo kama yuko kwenye gwaride.

"Wazazi wenzangu," alisema. "Ile karatasi niliisaini mimi."

Minong'ono ilianza.

"Niliisaini, sikuisoma. Wala si kwamba sikuwa na nafasi. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa nimeshiba. Iliandikwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza sikijui. Nilivaa miwani nikajifanya. Hata koma niliweka."

Kutoka nyuma mtu alicheka, kicheko cha puani. Kikaambukiza. Banda zima likawa linacheka, na Anselmi akasimama humo, masikio yanawaka, akiwa ameshikilia kurasa zake mbili. Alitamani ardhi impokee na koti lake. Ilipopungua alimtafuta kwa macho yule aliyeanza.

"Cheka, Bwana Gabrieli," alisema. "Wako ni namba kumi na moja."

Kicheko kilikatika.

"Mwenyekiti amechoka," Mkurugenzi alisema akiinuka. "Amekuwa na matatizo ya nyumbani..."

"Mimi pia." Ilikuwa sauti ya Mzee Mosi. Aliinuka polepole, akiegemea fimbo. "Mimi pia nilisaini. Akifunua, nafunua. Akikohoa, nakohoa. Nimefungua milango ya wafungwa miaka thelathini, sikuwahi kumfungia mtu bila kusomewa kosa lake. Nimekuja kumfungia mjukuu wangu." Alikaa.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya mkoa, aliyeitwa mama Joyce, alinyoosha mkono akaomba apewe hiyo karatasi aisome kwa Kiswahili. Mkurugenzi alisema iko kwenye faili, na faili liko kwenye kabati, na ufunguo wa kabati uko Dar es Salaam. Anselmi alitoa kwenye mfuko wa koti daftari la Ester. Mama Joyce alisoma, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma maelekezo ya dawa. Ukurasa wa kwanza ulisema wanafunzi kumi na tisa wahamishwe. Wa pili ulisema wasifanye Hisabati. Wa tatu ulisema wazazi wao wanakubali kuendelea kulipa karo ya mwaka mzima kwa Milenia Mpya, pamoja na mchango wa Hisabati ya Ziada.

Alipofika hapo alirudia mara ya pili, maana hakuna aliyekuwa amesikia vizuri, au kila mtu alikuwa amesikia vizuri mno.

Kilichofuata hakikuwa mkutano. Viti viliinuliwa. Mtu alipendekeza waende wote kwa Afisa Elimu, sasa hivi, kwa miguu, mwingine akataka waanze kwa kubomoa mbao za madarasa maana ni za michango yao. Mkurugenzi Bonifasi, suti yake ya rangi ya maziwa ikiwa imegusana na ukuta wa chokaa, alisema soko huria ni kusikilizana. Kabla ya saa tisa ufunguo ulikuwa umefika kutoka Dar es Salaam, mfukoni mwake mwenyewe, na majina kumi na tisa yalirudishwa kwenye orodha, kila moja na Hisabati yake, mbele ya macho ya wazazi waliokuwa wakiegemea meza.

Anselmi alivuliwa uenyekiti siku hiyo hiyo. Hakuna aliyempa pole. Gabrieli hakumsalimu tena, na watoto wa mtaani walimpa jina jipya. Walimwita Koma.

*

Majina yalirudi, mwalimu hakurudi. Hosiana ndiye aliyempata. Kila Ijumaa alikuwa akipeleka mboga mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa la Noorali, kwa mpangaji aliyeishi huko: mama mmoja mjane wa Kihindi, Mwalimu Nalini, aliyefundisha Hisabati katika shule ya serikali miaka ishirini na sita na sasa alikuwa akipambana na shinikizo la damu na mafumbo ya maneno ya magazetini.

"Kumi na tisa?" Mwalimu Nalini alisema, akibonyeza karoti moja moja. "Wote wabaya?"

"Wanasema ni mizigo, mwalimu."

"Nani kasema? Mwenye kuku?" Mji ule hauna siri. "Lete. Lakini anayechelewa dakika moja harudi tena. Na hizi karoti ni laini, punguza."

Basi kuanzia Februari, siku tatu kwa wiki, watoto kumi na tisa walitoka shuleni wakaenda mjini na kukaa kwenye ngazi za jengo lile, kila mmoja na ngazi yake, mwalimu akiwa juu na ubao umeegemezwa mlangoni. Alianza na hesabu za sehemu, vitu vya shule ya msingi, na wakubwa wale waliona aibu. "Aibu nzuri," alisema. "Leo aibu, Novemba hakuna." Wawili waliacha, akawafuata mpaka majumbani, akiwa ndani ya teksi na kanga ya kujifunika vumbi, akawarudisha kwa maneno ambayo wazazi wao waliyasimulia kwa muda mrefu.

Selfomu zilipokuja Ester alijaza ya kwake mwenyewe. Uchaguzi wa kwanza aliandika Uchumi, Jiografia, Hisabati. Anselmi aliiona. Fizikia haikuwepo, Kemia haikuwepo, na mshale mnene wa Uhandisi ulikuwa umekatwa shingo. Alifungua mdomo. Hosiana, aliyekuwa akimenya vitunguu, aliinua macho na kisu. Anselmi alifunga mdomo, akauliza kama kuna chai.

*

Matokeo yalitoka milenia mpya ikiwa imeshaanza kuzoeleka. Kati ya wale kumi na tisa, saba walifaulu Hisabati. Kumi na wawili walifeli, mjukuu wa Mosi akiwa mmoja wao, kwa sababu miezi tisa ya ngazini haiwezi kulipa miezi yote ile ya kunyamaza. Kati ya wale bora ishirini na wawili, waliobakizwa kuinua wastani, walifaulu watatu. Ester alipata C. Ilikuwa ndiyo alama ya juu kabisa ya Hisabati katika historia ya Sekondari ya Milenia Mpya, na alichaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya wasichana mkoani Iringa.

Jumapili moja mchana, Peugeot nyeupe ilipanda kichochoro chao na kusimama mbele ya genge. Alishuka Mkurugenzi Bonifasi, na nyuma yake Maneno, mpiga picha wa mjini, na mikoba yake.

"Mzee Mkude! Ya kale yamepita. Hongera sana, hongera mama." Alishika mikono ya kila mtu. "Nimekuja kwa jambo la heshima. Tunataka picha ya Ester. Kubwa! Tunaibandika pale barabara kuu, kila basi la Dodoma linaiona. Chini tunaandika: Tunda la Milenia Mpya. Na wewe Mzee, ningependa usimame pembeni yake. Kama Mwenyekiti mstaafu."

Ni lazima ukweli usemwe: Anselmi alitazama koti lake. Lilikuwa limening'inia msumarini, kupitia mlango wazi, na limepigwa pasi. Aliliona bango, akajiona juu yake, na mabasi ya Dodoma yakipita. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaelekea mlangoni.

"Na wenzangu?" Ester aliuliza.

"Wenzako gani, binti?"

"Kumi na wanane."

"Hao wengi wao wamefeli."

"Ndiyo. Tulikatwa pamoja, tupigwe picha pamoja. Na Mwalimu Nalini akae katikati." Aliisema bila hasira, akimsaidia mama yake kumwaga maji ya mboga. "Ngazi zinatosha, nimeshazihesabu."

Mkurugenzi alicheka, akamtazama Anselmi ili wacheke wote. "Mzee, zungumza na mtoto."

Mguu wa Anselmi ulikuwa bado pale ulipokuwa. Aliutazama, kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaurudisha.

"Amezungumza mwenyewe," alisema.

Maneno alikuwa wa kwanza kufunga mikoba. Alikuwa akilipwa kwa picha, si kwa safari. Mkurugenzi alisimama kidogo zaidi, akanunua fungu la pizi ambalo hakulihitaji, akaingia garini na kugeuza ufunguo. Gari lilikohoa. Akageuza tena, likakohoa kidogo zaidi, likanyamaza. Wateja wa genge waliacha kuchagua nyanya. Kichochoro kizima kilitazama suti ya rangi ya maziwa ikitokwa jasho nyuma ya kioo.

"Jamani, mnisukumie," alisema hatimaye.

Hakuna aliyesogea. Kisha Anselmi alikunja mikono ya shati, akapita mbele ya watu wote, akaweka viganja viwili nyuma ya lile gari na mabega yake yote. Alisukuma kama ambavyo hakuwahi kusukuma kitu kiwandani kwa miaka kumi na saba. Maneno alimsaidia, na Gabrieli, aliyekuwa akipita, bila kusalimu, naye akaweka mkono. Peugeot ilianza kuteremka, ikapita nyumba ya Mosi, ikapita bomba la maji, ikakaribia barabara. Pale kwenye mteremko wa mwisho injini iliwaka, moshi ukafuka, na wenzake wakaachia.

Anselmi alikuwa bado anasukuma.